Rangi Isiyojua Kuoga

Paska mwanangu,

Mambo ya safari umeshaambiwa na Bibi, na aliyoyasahau Bibi amekuongezea Mama Eli wa jirani: usinunue nyama dirishani mwa basi, mkoba uuweke miguuni, soksi zote ziandikwe jina. Sina cha kuongeza hapo. Nakuandikia alasiri hii kwa sababu umekwenda Daa kwa Bibi kuaga na nyumba imenyamaza, na kwa sababu bado kuna mwanga. Ile taa ya sebuleni unaijua, inageuza kila kitu kuwa cha manjano. Nataka niandike nikiwa naona vizuri.

Nina hasira. Naanza hapo ili usije ukaitafuta katikati ya maneno ya upole, ukadhani nimeificha. Nimekukasirikia wewe kidogo. Nimejikasirikia mimi zaidi. Yule bwana wa loji naye nimemkasirikia, na rangi yenyewe pia, hii guashi ambayo imekula ujana wangu na bado mtu akiingia hapa ndani anauliza, "Hizi ni rangi za watoto wa shule?"

Leo asubuhi ulikuwa unapanga tranka, ukainua blanketi, ukalikuta lile boksi.

"Mama, hii nini?"

"Rangi."

"Naona ni rangi. Inafanya nini kwenye tranka langu?"

"Inasafiri."

Hukucheka. Zamani ungecheka. Ulilitoa boksi kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayehamisha sahani ya mgeni, ukaliweka juu ya meza yangu. "Nikitaka nitaomba," ukasema, ukarudi kukunja mashuka. Mimi nikatoka nje nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Ngoja niseme jambo lenyewe, maana tumelizunguka tangu siku ile. Hujashika brashi tangu yule bwana alipokuja hapa nyumbani. Dirisha la kubadilisha tahasusi za Kidato cha Tano lilipofunguliwa, uliiacha ile yenye sanaa, ambayo ulikuwa umeililia mwenyewe, ukachukua Fizikia, Kemia na Biolojia, tena katika shule ya huko kusini isiyo na mwalimu wa kuchora. Sina ugomvi na Fizikia. Ukiwa daktari nitafurahi kama mama yeyote wa Karatu, nitapiga vigelegele kanisani mpaka watu waone aibu. Ninachoogopa ni kingine. Naogopa kwamba unaacha kuchora, na kwamba umeacha kwa sababu yangu.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, kati ya Kidato cha Sita na chuo. Hilo unalijua. Nilikuacha kwa Bibi nikashuka Dar, maziwa bado yanavuja. Darasani kwetu wote walitaka rangi ya mafuta na turubai kubwa, picha ya kuning'iniza benki. Mimi harufu ya tapentaini ilinipandisha kichefuchefu. Mwalimu wetu alikuwa na kabati la vitu visivyotakiwa, akanipa humo tyubu za guashi zilizoanza kukauka. "Hii ni rangi ya wachora matangazo," akaniambia. "Jaribu. Haina harufu."

Niliipenda siku ileile. Rangi ya maji ya kawaida ni kama chai ya rangi, karatasi inaonekana chini yake, na ukikosea, kosa lako linabaki pale likikutazama. Guashi ni maji pia, lakini ni nzito, imejaa unga, inaziba. Unaweza kuanza na giza ukaja kuweka mwanga juu yake. Ikikauka haing'ai, inatulia kama ukuta wa nyumba ya udongo uliosilibwa vizuri. Mimi nilichokipenda zaidi ni kule kuziba. Nilikuwa msichana mwenye kitu cha kufunika. Hakuna mtu chuoni aliyejua kwamba nina mtoto. Picha yako walipoiona kwenye daftari nilisema ni mdogo wangu, na nyumbani nilipokuja likizo wewe ulimwita Bibi mama, mimi ukaniita dada, na sikukusahihisha hata mara moja. Nilisema moyoni nitalirekebisha baadaye. Juu yake nitapaka kingine.

Kuna zambarau fulani, nadhani nimewahi kukuonesha, ambayo haikubali kufunikwa. Unapaka nyeupe juu yake, nzito kabisa, unalala umeridhika, asubuhi nyeupe yako imekuwa ya waridi. Unapaka tena. Inapanda tena. Mwalimu alinikuta nikihangaika na karatasi moja ya namna hiyo akaniambia niikate niitupe, nianze upya. Nilikataa. Niliipaka mpaka ikawa nene kama ugali, ikapasuka. Sikuambii hili ili upate fundisho ndani yake. Nakuambia ili ujue nilivyo mbishi mahali pasipohitaji ubishi, na nilivyo mlaini mahali pa kukaza. Hilo la pili ndilo lililotuponza.

Umesikia hadithi ya picha ya Bibi, lakini umeisikia kwake, na yeye huisimulia kama kichekesho. Mwaka wangu wa mwisho nilimchora akiwa amekaa mbele ya jiko, uso umeegemea upande wa moto. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo niliitazama bila kujidharau. Nikaja nayo Daa kwenye basi nimeipakata safari nzima, nikaitundika ukutani karibu na ile picha yake ya Komunyo ya kwanza. Sikuwa na kioo. Nikasema kioo kitakuja.

Unamjua Bibi na vumbi. Kiangazi cha huku vumbi jekundu linaingia hata ndani ya yai. Jumamosi alichukua kitambaa chenye maji, akafuta kabati, akafuta redio, akafuta picha ya Komunyo, akafuta na ile niliyoileta mimi. Mimi nilikuwa nje nakuogesha. Nikamsikia ananiita kwa sauti ndogo ambayo si yake.

Nilipoingia uso ulikuwa umebaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye kitambaa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeifuta. Ilikuwa na vumbi."

"Hii haifutwi!"

"Kila kitu kinafutwa, mwanangu. Hii ni rangi gani isiyojua kuoga?"

Nilimpigia kelele. Nilimwambia mambo ya gundi na maji, kwamba guashi hata ikauke miaka kumi ikiguswa na maji inaamka, kwamba inahitaji kioo, kwamba watu wenye akili wanauliza kabla ya kugusa. Nilisema hivyo, "watu wenye akili", kwa mama yangu aliyekuwa analea mtoto wangu. Akakitazama kile kitambaa, akasema, "Basi uso wangu nimeuosha mwenyewe," na akatoka kwenda kukama. Likizo ile yote niliongea naye kwa lazima tu. Niliona mimi ndiye niliyeharibiwa kazi. Haikunijia hata siku moja kwamba yeye alikuwa amefuta sura yake mwenyewe, ambayo hakuna mtu aliyewahi kumchora kabla ya hapo, na kwamba labda alihitaji mtu wa kukaa naye.

Sijamchora tena. Nimemwahidi, nimeahirisha, nimemwahidi. Sasa ana uso mwingine.

Baada ya chuo nilirudi huku nikakuchukua, ukajifunza taratibu kuniita mama, na mimi nikajifunza kuitika. Kazi niliyoipata ni ile unayoiona: picha za vitabu vya watoto. Guashi inafaa kwa hilo, haing'ai, ukiipiga picha haina mwako, rangi zinatoka kama zilivyo. Ningekuwa mwongo nikisema siipendi kazi hiyo. Lakini umeona barua za wachapishaji. Mfanye mtoto awe mweupe kidogo. Mama avae gauni, kitenge kinachanganya. Ng'ombe apunguzwe pembe, atawatisha. Nami nimekuwa nikipunguza pembe, Paska. Nimepunguza pembe za ng'ombe wote wa wilaya hii. Kila walichosema nikakifanya siku hiyohiyo, na wakaniandikia kwamba mimi ni mtu rahisi kufanya naye kazi. Nililipenda neno hilo. Nilililamba kama mtoto aliyepewa kijiko cha asali.

Wewe ulikulia chini ya meza hiyo. Sikukufundisha, uliiba. Tyubu zilipokosekana tulitengeneza zetu. Unakumbuka tulivyokwenda kuchimba udongo kwenye ukingo wa barabara ya kupanda Rhotia, tukauchekecha kwa kitambaa cha chandarua, tukausaga na gundi ya mgunga iliyotoka Mang'ola na tone la asali ili usipasuke? Watu wakawa wanapita wanauliza kama tunatafuta dhahabu. Ukamjibu mmoja, "Hapana shikamoo, tunatafuta wekundu." Ulikuwa mdogo, hata hukuweka kituo. Nilikwenda nalo jibu hilo wiki nzima.

Na ulikuwa na kitu ambacho mimi sina. Nilikijua mapema, na sikukuambia, na sababu ya kutokukuambia si nzuri. Niliona kijicho. Basi.

Sasa kuhusu ukungu.

Loji ilipotaka picha za kreta kwa ukuta wa chumba cha chakula, nilikuomba tupande wote kwa gari la Baba Eli, maana alikuwa na wageni wachache na nafasi nyuma. Tukafika pale juu wanaposimama watu kutazama bonde na wanyama chini, na kreta hakuna. Ukungu mtupu, kutoka miguuni mpaka mbinguni. Wageni wamepanga mstari na makoti yao mapya, wamekazia macho weupe. Mmoja akauliza utaondoka lini. Baba Eli akamjibu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba muda si mrefu, akatugeukia sisi: "Muda si mrefu wa huku ni mpaka kesho." Kisha akageuza mgongo, akaegemea gari, akaanza kumenya yai la kuchemsha.

Mimi niliona siku imepotea. Wewe uliona picha.

Uliichora kwa siku mbili pale barazani, bila kuniuliza kitu. Ulianza na msitu wote, kijani cheusi, mpaka chini kabisa, kila mti, ingawa ulijua utaufunika. Nilikuambia unapoteza rangi. Ukasema, "Lakini upo, Mama. Hauonekani tu." Halafu ukaleta ukungu juu yake, nyeupe za kila namna, moja yenye kijivu, moja yenye buluu, moja yenye udongo wetu kidogo kama maji ya kuoshea viazi. Ulipaka kwa brashi karibu kavu, mguso mmoja, unaacha, huurudii. Migongo ya wageni imejipanga kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Na pembeni Baba Eli na yai lake. Yai ndilo lilikuwa jeupe kabisa katika karatasi nzima. Ukungu wote ulikuwa na uchafu kidogo, yai halikuwa nao.

Uliponionesha nilikaa chini. Unakumbuka nilikaa kwenye ndoo? Nikasema, "Nzuri." Nikaiweka pamoja na zangu za loji, iwe ya mwisho kuonwa.

Halafu akaja yule bwana. Sitaki kumfanya kuwa shetani. Alikuwa na haraka, alikuwa na bosi wake, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akapekua. Za kwangu akazitikisia kichwa: pundamilia, ziwa, viboko, sawa, sawa. Akafika kwenye yako.

"Hii je, madam? Hujaimaliza?"

"Imeisha. Ni ukungu."

"Ukungu!" Akacheka, si kwa ubaya. "Madam, ukungu mgeni anaupata bure. Mimi nataka kreta yenye kreta. Hapa weka tembo. Hapa simba. Na huyu mzee anayekula yai mtoe, ataleta njaa mezani."

Nami nikacheka. Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoirudia siku hiyo. Sikulazimika kucheka. Hakunishika shingo. Angeweza kuiacha ile moja akachukua nyingine zote, angekwenda zake. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu na anataka kitu, na mimi mwili wangu umeshazoea kutoa. Nikasema, "Hii rangi inarekebishika. Subiri nikuoneshe." Nilisema kwa majivuno kabisa, kama fundi.

Nikachovya brashi. Maji yakawa mengi. Nilitaka tembo mmoja tu, mdogo, upande wa kushoto. Ukungu wako ukaamka. Ule msitu ulioufunika kwa uangalifu ukapanda wote kwa pamoja, kijani kikaingia kwenye nyeupe, na kadiri nilivyosugua nirekebishe ndivyo kilivyozidi kuwa tope. Mimi ninayewafundisha watu kwamba guashi iliyolala haisuguliwi. Mimi niliyempigia kelele mama yangu kwa kitambaa.

"Sasa huyo ni kiboko?" yule bwana akauliza.

Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai. Ukaliweka mezani, ukamkaribisha mgeni vizuri, kama ulivyolelewa. Alipokwisha kuondoka ukasema, "Ulisema ilikuwa nzuri."

Nikakujibu, "Utachora nyingine." Kati ya yote niliyofanya siku ile, nadhani hilo ndilo la kijinga kuliko yote. Ningeweza kuomba msamaha nikanyamaza. Nikatoa ushauri.

Na wiki ya kubadilisha tahasusi nilipokuuliza kwa nini, uliniambia jibu ambalo bado linanichoma: "Mama, kwenye Fizikia jibu likiwa sahihi, mtu akikunja uso bado ni sahihi." Nikasema chakula kinapoa.

Nimejaribu kuichora tena, ile picha. Hukujua. Kila ulipokuwa kwaya nilikaa nikajaribu, nikitaka nikukabidhi kabla hujaondoka, niseme hii hapa, nimeirudisha. Haiwezekani. Si kwamba mkono wangu ni mbaya. Mkono wangu una kisomo. Lakini migongo ya wageni inatoka mizuri mno, wamesimama kama wanapigwa picha. Yai linakaa kwenye kiganja cha Baba Eli kama la kwenye tangazo. Na mara zote, Paska, mara zote, nafika kwenye ukungu na mkono unaacha kaupenyo kadogo, pale chini, ziwa linameta kidogo, ili mtu asiseme haoni kitu. Sikusudii. Yule bwana hayupo, yuko kwake anakula, na mkono wangu bado unamwogopa. Nimezichana zote. Karatasi nzuri nimezimaliza bure, na kiangazi hiki sijui nitapata wapi nyingine.

Juzi nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandaa, niliyapanga maneno nikiwa napalilia. Nilitaka nimwambie kwamba sitaongeza mnyama kwenye picha yoyote tena, kwamba picha aliyoicheka ilikuwa bora kuliko zangu zote alizozichukua, kwamba mchoraji wake ni mwanangu na alikuwa amesimama pale na chai.

"Madam, habari za siku!" akasema. "Wageni wanazisifu sana zile picha."

Nikasema asante. Nikaanza, nikababaika, nikasema kuna moja ambayo hatukuelewana vizuri. Akasema, "Ile ya ukungu? Wala usijali, madam, kila mtu ana siku mbaya kazini." Na unajua nilimalizaje? Nilimwomba radhi. Mimi. Nikakata simu nikakaa na jembe mkononi nikicheka peke yangu, cheko lile la mtu aliyejikwaa mahali palepale kwa mara nyingine, mpaka Mama Eli akauliza kwenye ua kama nina wageni.

Kwa hiyo usitegemee barua ya mtu aliyeshinda. Nina miaka thelathini na kitu, nimesoma, nimeona, na bado nakubali haraka kuliko ninavyofikiri. Kama kuna kitu ninaweza kukupa kutoka katika aibu hiyo ni hiki, nacho ni kidogo: ukishakiona kitu, kaa nacho kwanza. Usikipeleke mbio kwa mtu akuambie umekiona. Mimi nilikuwa na jicho zuri pale kwenye ndoo. Nililitoa mwenyewe nikamkabidhi mtu aliyekuwa anatafuta viatu vyake mlangoni.

Na kuhusu Fizikia, nadhani umekosea, ingawa jibu lako lilikuwa zuri. Huko nako kuna watu wa kukunja uso. Utapata jibu sahihi na mwalimu mwenye haraka atapitisha mstari, na mwenzako mwenye sauti kubwa atasema umekosea, na utatamani kufuta. Sijui utafanya nini siku hiyo. Natumaini hutafanya nilivyofanya mimi. Huna haja ya kuchora ili kulijua hilo, nakubali. Nilikuwa nataka uchore kwa sababu ningejisikia nimesamehewa, na hilo si sababu ya kumbebesha mtoto boksi la rangi mpaka kusini. Nimeliona hilo leo, nikisugua sufuria. Limenichukua muda.

Picha yako ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri nilipokaa kwenye ndoo. Ilikuwa nzuri yule bwana alipokuwa anacheka, na nilijua hivyo nikiwa nacheka naye. Ilikuwa nzuri mpaka dakika niliyoigusa, na iliharibika kwa maji yangu, si kwa kosa lolote lako. Hilo ndilo nilipaswa kulisema umeshika sinia, mbele yake, hata kama angeziacha na zile nyingine zote.

Sitaliingiza tena lile boksi kwenye tranka. Hutalikuta chini ya shuka wala ndani ya kiatu. Kwenye simu sitakuuliza kama unachora, na sitamtuma Bibi aulize, ingawa yeye anaweza kujituma mwenyewe. Umesema ukitaka utaomba. Asubuhi niliisikia kama kofi. Sasa hivi naisikia kama maneno ya mtu mzima, na nataka kuyaheshimu, japo mikono inaniwasha.

Lakini sitalitunza pia. Nilikuwa nimeanza kulitafutia mahali juu ya kabati, nilifunike na kitambaa, liwe linakungoja. Nikajiona nilivyo, nikalishusha. Rangi ikitunzwa kwa ajili ya mtu inakufa ndani ya tyubu, na mimi nina kitabu cha kumaliza, na kuna ng'ombe humo ambaye safari hii atabaki na pembe zake zote, nione watasema nini. Nyeupe yangu imekwisha. Kwa hiyo kabla sijakaa kuandika barua hii nimefungua yako, ile tyubu kubwa mpya ya kwenye boksi, nimeiminya kwenye sahani, na nimeanza kuitumia. Ni yangu sasa.

Ukitaka, omba. Nitakununulia nyingine.

Mama yako